Maji ya Mgema

Kupanda mnazi mtu huweza kusaidiwa. Atasukumwa, atapewa bega akanyage. Kushuka ni juu yake mwenyewe. Ndiyo maana siku Mwinga aliposhindwa kushuka, watu wa kijiji cha Waa hawakujua wafanye nini ila kutazama juu.

Alikuwa amelikumbatia shina, shavu limeganda kwenye gome, kotama yake ya kugemea ikining'inia kiunoni. Mwinga alikuwa mgema tangu hajaota ndevu. Sasa alikuwa baba wa watoto wanne, na jasho lilimtoka kidevuni likadondoka mchangani, karibu na miguu ya mkewe, Kache.

"Baba Dama," Kache alimwita kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamwita chakulani. "Weka mguu. Kidato kiko hapo hapo chini ya kisigino chako."

"Nakufa, Mama Dama."

"Hufi. Weka mguu."

"Moyo unatoka."

Wanywaji wa tembo la mnazi walikuwa wamekwisha kufika na chupa zao. Miongoni mwao alikuwamo Shutu, mchimba visima, mtu wa mdomo. "Kama amepata usingizi," alisema, "tumpandishieni mkeka." Wenzake wakacheka.

Aliyevua shati ni Kaingu, mgema wa shamba la pili. Alipanda mpaka chini ya Mwinga, akamkamata mguu wa kulia akauweka kwenye kidato kilichochongwa shinani, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, hivyo hivyo mpaka chini. Mwinga alipogusa ardhi alikaa kitako akatapika. Kisha akaanza kuwaomba watu radhi, mmoja baada ya mwingine, hata Shutu. Kule kuomba radhi kulimuuma Kache kuliko kule kutapika.

Mwenye minazi, Mzee Mwero, alifika jua halijawa kali. Alikuwa mtu wa swala tano na tembo hakulionja maishani mwake, lakini kodi ya minazi aliipokea kila mwisho wa mwezi na hakuona ubaya.

"Shikamoo, Mzee," Mwinga alisema akiwa bado chini.

"Marahaba. Hii ni mara ya ngapi, Mwinga?"

"Ya kwanza, Mzee."

"Ya kwanza watu kuiona." Mzee Mwero alichora mstari mchangani kwa fimbo yake. "Mimi sikufukuzi. Lakini ukianguka, jamaa zako watakuja kukaa matanga uani kwangu, na haki watakuwa nayo. Minazi ni kumi na minne. Ile saba mifupi endelea nayo. Ile saba mirefu ataishika Kaingu. Masika yakianza nitakuja. Nikikukuta mzima utarudishiwa yote. Nikikukuta hivi, hata hiyo mifupi utaniachia."

Ndipo akawageukia wanywaji. "Nanyi nendeni. Mtu akitapika si ngoma."

*

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule. Wengine walisema pepo wa mnazini, wengine walisema kijicho. Mbuzi wawili walikwisha kuliwa na pepo huyo, na pepo hakushiba. Kache alichoka. Wiki ile ile alimshika mumewe mkono wakaenda zahanati iliyo kando ya barabara ya Likoni. Serikali mpya ilikuwa imetangaza kwamba matibabu ni bure, na Kache alisema cha bure hakina hasara kushinda mbuzi wa tatu.

Mganga wa zahanati alikuwa Masila, kijana wa Kikamba, mkavu wa maneno.

"Unaogopa nini?" aliuliza.

"Sijui, daktari."

"Nyoka? Kuanguka?"

"Kuanguka siogopi. Inanijia hata nikiwa mlangoni kwangu nakula. Moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, nikajua kabisa kwamba nakufa. Halafu sifi."

"Halafu?"

"Halafu siku zote zinazobaki naogopa kwamba itarudi."

Masila aliweka kalamu chini. "Huu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Dawa ziko. Lakini sikudanganyi, dawa za namna hii ni kama viatu. Mpaka uvivae ndipo ujue vinakubana wapi. Hivi utameza kimoja kimoja, mara tatu kwa siku."

Mara tatu kwa siku Kache alizielewa vizuri sana. Siku ya mgema imekatwa mara tatu tangu enzi za mababu. Hupanda asubuhi, hupanda adhuhuri, hupanda jioni, kila safari kulikata tena karara, lile chipukizi la maua linalotoa tembo, ili lisizibe, na kuteremsha kibuyu. Nyumbani kwao hapakuwa na saa, na haikuhitajika. Basi Kache alifunga vidonge kwenye pindo la leso yake, na kila Mwinga alipojifunga kotama kiunoni, alimpa kimoja na kata ya maji. Hakusahau hata siku moja. Hapakuwa na mgonjwa pwani nzima aliyemezeshwa dawa kwa uaminifu kama huo.

Vile vidonge vyeupe viliua hofu, lakini na mwenyewe vilimuua nusu. Mwinga alilala akiwa ameketi. Siku moja Kache alimkuta chini ya mnazi wa pili, mdomo wazi, nzi wametua kwenye mdomo huo, na juu kibuyu kimejaa mpaka kinamwagika. Makarara mawili yakaziba. Dama, bintiye mkubwa, alimsimulia kichekesho cha shuleni na baba akamtazama kama anayetazama ukuta.

"Hofu imelala," Kache alimwambia Masila, "na yeye imemlaza kando yake."

Masila akabadili. Vidonge vya pili vilikuwa vikubwa zaidi, na ubaya wake ulikuwa wa aina nyingine. Jua lilimchoma Mwinga shingo na mabega, mtu mweusi aliyezaliwa juani, akababuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Tena mikono ilianza kutetemeka. Kotama inataka mkono wa kinyozi, karara hukatwa kipande chembamba kama jani tu kila safari, na Mwinga akawa anakata kama anayepasua kuni.

"Ndugu yangu," Kaingu alimwambia siku moja, bila kicheko, "ukiendelea hivi utaimaliza minazi kabla Mzee hajakunyang'anya."

Miezi miwili ilipokwisha, Masila aliandika barua. Kila Alhamisi, alisema, hospitalini Msambweni huja daktari anayejua ugonjwa huu kuliko yeye. "Mimi nimefika mwisho wa kabati langu," alisema. Kache alimpenda kwa neno hilo. Waganga waliokula mbuzi wake hawakuwahi kufika mwisho wa kabati.

*

Daktari wa Alhamisi alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, aliyezungumza Kiswahili cha Mombasa. Alimsikiliza Mwinga mpaka mwisho bila kuandika.

"Nitakupa vidonge vingine," alisema. "Wiki mbili za mwanzo utaniapiza. Kinywa kitakauka. Choo kitakuwa kigumu. Ukisimama ghafla utaona kizunguzungu. Na hofu itakuwa pale pale, haitajali. Wiki ya tatu au ya nne ndipo itaanza kurudi nyuma. Watu wengi huviacha wiki ya pili, kwa sababu mabaya yametangulia na mazuri hayajafika. Utaweza kungoja?"

Mwinga alimtazama mkewe.

"Atangoja," Kache alisema.

"Nimemuuliza yeye, mwanangu."

"Nitangoja," alisema Mwinga.

Waliporudi Waa watu waliuliza walikuwa wapi, na Kache alisema Jego, kwa mganga mmoja huko mpakani. Jina la mganga hakulitaja na hakuna aliyelitaka. Kwenda kwa mganga si aibu. Lakini mtu anayemeza vidonge vya hospitali kwa ajili ya moyo kwenda mbio bila sababu, huyo angeitwa mwendawazimu, na tembo la mwendawazimu nani atalinunua?

Mambo yalikwenda kama mama wa Kihindi alivyosema, hata ile sehemu ya choo. Mwinga alikaa siku nne bila choo, na siku ya tano alitoka chooni ana machozi, akamwambia mkewe kwamba sasa anajua uchungu wa uzazi. Kache alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndipo alipokumbuka kwamba miezi sita ilikuwa imepita mumewe hajafanya mzaha.

Wiki ya nne hofu ilianza kurudi nyuma. Ilikuja bado, lakini ilikuja kama mdai aliyekwisha kuzoeleka, ikagonga, ikaondoka. Mwinga alikula akiwa ameketi mlangoni. Aliuliza habari za kuku.

Lakini mnazini kukawa kubaya. Kila alipofika juu, dunia ilizunguka. Alhamisi moja adhuhuri mikono ilimwachia, akaserereka nusu ya shina kifua kikikwaruza gome, akasimama kwenye kidato cha tano kutoka chini kwa bahati tu. Kache alimwosha kifua kwa maji ya chumvi. Ngozi ilikuwa imetoka kama ya samaki aliyeparwa.

"Vidonge hivi natupa," alisema Kache.

"Usivitupe."

"Vitakuua, Baba Dama."

"Kache." Hakuwa akimwita hivyo mara nyingi. "Miezi yote ile nilikuwa nakufa kila siku. Wiki hii sijafa hata mara moja. Kama ni kuchagua minazi au vidonge, niache minazi."

"Na watoto wale nini? Vidonge?"

Kulipokucha walikwenda zahanati, Mwinga akitembea kifua mbele kwa sababu shati lilimgusa jeraha.

Masila alilitazama lile jeraha kwa muda mrefu. "Kizunguzungu kinakushika saa ngapi?"

"Nikiwa juu."

"Chini hakikushiki?"

"Kidogo. Si kama juu."

"Na vidonge unameza saa ngapi?"

Kache ndiye aliyejibu, kwa fahari kidogo. "Mara tatu, daktari, kama ulivyosema. Hatujaruka hata kimoja. Akijifunga kotama tu, nampa."

"Akijifunga kotama."

"Ndiyo. Asubuhi, adhuhuri, jioni."

"Halafu anapanda."

"Halafu anapanda minazi yote saba."

Masila alifunga macho, akajisugua uso kwa viganja viwili. "Kwa hiyo dawa ikikolea," alisema polepole, "wakati kizunguzungu kiko katika nguvu zake zote, ndipo mtu wangu yuko juu ya mnazi." Akafungua macho. "Na vile vyeupe vya usingizi?"

"Vile vile."

"Na vile vya pili?"

Kache alikuwa amekwisha kuelewa. Alilishika pindo la leso, pale fundo lilipokuwa, kama anayetaka kulificha. Mkono wake mwenyewe, kabla ya kila safari ya mnazini, ndio uliompa. Angesahau tu mara mojamoja, kama wanawake wazembe wanavyofanya, angemsaidia zaidi.

"Si kosa lako, mama," Masila alisema. "Mimi sikuuliza mgema anafanya kazi vipi. Kwetu hatuna minazi. Sasa sikilizeni. Vyote vitatu atameza usiku, akienda kulala. Akiamka, akae kitandani kwanza mpaka kichwa kitulie. Wiki moja asipande kabisa. Mimi nitamwandikia daktari wa Msambweni, akikataa nitawaita."

Daktari hakukataa. Wiki ile Kaingu alimgemea Mwinga minazi yake saba, akampelekea tembo lote, na hakutaka malipo.

*

Usiku vidonge vilimlaza Mwinga kama gogo, na asubuhi aliamka mzito, lakini kabla jua halijakaza alikuwa mtu. Wiki ilipokwisha akapanda. Juu palitulia.

Kilichobaki ni kinywa. Ukavu ule haukuondoka. Kufika mnazi wa tatu ulimi wake ulikuwa mgumu kama kipande cha ngozi, akishindwa hata kumeza mate, maana hayakuwapo. Na mgema hawezi kunywa tembo kila anapoona kiu, atashuka kwa kichwa. Kache akatafuta dawa ya hilo pia. Alimjazia maji kibuyu kidogo, akamfungia kiunoni upande wa pili wa kotama.

Siku ya tatu tu Shutu aliona.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, masika yalikuwa yananukia. Wanywaji walikuwa wameketi kwenye magogo yao, na Mzee Mwero alikuwa anakuja njiani na fimbo yake, kwa kuwa neno lake hakulisahau. Mwinga alikuwa juu ya mnazi wa nne. Tone likaanguka kwenye mkono wa Shutu. Akalilamba.

"Maji," alisema. Akatazama juu. "Mgema amepanda na maji."

Magogo yote yakatazama juu. Msomaji asiye wa pwani huenda asijue uzito wa neno hili. Mwizi wa kuku husamehewa. Mgema anayepandisha maji mnazini ayatie kwenye tembo hana la kusamehewa.

"Kumbe," alisema mmoja. "Ndiyo maana la juzi halikunipanda kichwani."

"Wewe kichwa chako tembo halikioni, ni kidogo."

"Sicheki. Nataka pesa yangu irudi."

Mwinga aliposhuka walikuwa wamesimama. Shutu alinyosha kidole kwenye kibuyu kidogo. "Hicho nini?"

"Maji."

"Ya nini?"

Mwinga alimtazama mkewe, na Kache akaukumbuka uongo wake wa Jego. Wangeweza kusema ni masharti ya mganga. Wangeaminiwa pengine. Alifungua mdomo aseme.

"Ya kunywa," Mwinga alitangulia. "Hatukwenda Jego. Tulikwenda hospitali, Msambweni. Nameza vidonge vya hofu, na vinanikausha kinywa."

"Vidonge vya wendawazimu?" aliuliza Shutu.

"Vya hofu. Lakini ukiviita vya wendawazimu vinafanya kazi vile vile."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mzee Mwero alikuwa amefika na kusikia yote. Alimwita Kaingu, aliyekuwa akifunga vibuyu vyake chini ya minazi mirefu.

"Kaingu, mimi hili silionji. Onja wewe, useme mbele ya Mungu."

Kache alimtazama Kaingu akija, akafanya hesabu ambayo kila mtu pale alikuwa anaifanya. Neno moja la Kaingu, minazi kumi na minne yote ingekuwa yake. Na alikuwa na watoto sita.

Kaingu alisukutua kinywa kwa maji ya kile kibuyu kidogo, akatema. Akamimina tembo la Mwinga kwenye kata, akaonja, akalizungusha kinywani, akameza. Akaonja tena.

"Halina maji," alisema.

"Una hakika?" aliuliza Shutu.

"Tembo la maji nalijua, Shutu. Ndilo ninalokuuzia wewe Jumamosi."

Hapo magogo yote yaliangua kicheko, hata Shutu mwenyewe, ingawa cha Shutu kilichelewa kidogo. Mzee Mwero alingoja kiishe.

"Mwinga. Umepona?"

Kache alimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Neno dogo tu, na watu husema hivyo kila siku.

"Sijapona, Mzee. Jana ilinijia kwenye mnazi wa tatu. Nikalishika shina, ikapita, nikashuka mwenyewe."

"Na ile mirefu saba?"

"Siiwezi. Ibaki kwa Kaingu."

"Watoto wanne kwa minazi saba?"

"Mama yao anasuka makuti. Wanaojenga hoteli kule Diani wanayataka. Tutabanana."

Mzee Mwero aliinamisha kichwa taratibu, kama anayekubaliana na jambo asilolipenda. "Saba mifupi ni yako. Nikiwa na mgema anayeniambia hawezi, hapo nitalala usingizi. Lakini maji hayapandi mnazini mwangu. Si kwamba sikuamini. Mwakani atakuja mwingine na kibuyu cha maji, aseme naye ni mgonjwa, nitamjibuje?"

"Nitakuwa nashuka kunywa."

"Utachelewa."

"Nitachelewa, Mzee."

"Na hivyo vidonge utaviacha lini?"

"Daktari hajasema."

"Basi," alisema Mzee Mwero, akaondoka zake.

*

Adhuhuri ya siku iliyofuata Kache alikaa chini ya minazi na makuti yake na mtungi wa maji kando. Mwinga alishuka kutoka mnazi wa tatu na kibuyu cha tembo kimejaa, midomo imepasuka kwa ukavu. Wanywaji walikuwa wanane. Shutu alikuwa wa mbele, chupa mkononi.

"Haya, nimiminie. Koo limekauka tangu asubuhi."

Mwinga aliweka kibuyu chini. Akamnyoshea mkewe mkono, akapokea kata ya maji, akanywa palepale mbele yao, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Mgema wa maji," alisema Shutu.

"Ndiye," alisema Mwinga, akamrudishia Kache kata aijaze tena. Kache akaijaza bila haraka. Shutu aliitazama kata, akakitazama kibuyu, akakaa kwenye gogo akangoja.